Kinyume cha Jumla Kisichoyumba: Mwongozo wa Kupata Majibu ya Kuaminika Kutoka kwa Vipimo Vyenye Makosa

Ukiwa na mlinganyo Ax = b na matriksi A haina kinyume cha kawaida, kompyuta haitakunyima jibu. Utaandika amri moja, nayo itakupa namba zilizopangika vizuri, zenye desimali nyingi. Haitakuambia kama namba hizo zingebaki palepale endapo kipimo kimoja ndani ya A kingekosewa kwa sehemu moja ya elfu. Wakati mwingine zingesogea kwa milimita. Wakati mwingine zingeruka kwa kilomita. Anayezipeleka namba hizo kwenye ramani, kwenye daraja au kwenye picha ya uchunguzi wa mgonjwa ana wajibu wa kujua yuko upande upi kabla hajaweka sahihi yake.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa chuo, mhandisi, mpima ardhi na mchambuzi wa data. Unachohitaji ni kuzifahamu matriksi na vekta, na kuwa na programu yoyote inayokokotoa thamani singula. Sehemu ya kuelekea mwisho inaingia kwenye opereta za nafasi ya Hilbert, ambako vekta zina vijenzi visivyo na idadi. Kama kazi yako haifiki huko, hatua saba za katikati zinakutosha.

> SHIKA HILI KWANZA
> Udogo wa kosa peke yake haukulindi. Kinachokulinda ni ranki kubaki ileile. Kosa kubwa kiasi linaloacha ranki ilivyo linavumilika. Kosa dogo mno linaloiongeza ranki linaliharibu jibu lote, na kadiri linavyozidi kuwa dogo ndivyo uharibifu unavyozidi kuwa mkubwa.

Maneno tutakayotumia

- Kiini cha A: vekta zote ambazo A inazigeuza kuwa sifuri.
- Taswira ya A: matokeo yote ambayo A inaweza kuyatoa.
- Ranki: idadi ya mielekeo huru iliyomo katika taswira.
- Thamani singula, σ: kiasi ambacho A inakuza au inapunguza kila mwelekeo wake mkuu. Zinapangwa kuanzia kubwa hadi ndogo, na ranki ni idadi ya zile zisizo sifuri.
- Nomi ya A, ‖A‖: thamani singula iliyo kubwa kuliko zote.
- Mtikisiko, E: tofauti kati ya matriksi ya kweli na ile uliyo nayo mezani.

## Kwa nini tunahitaji kinyume cha jumla

Kinyume cha kawaida kinapatikana tu pale A inapokuwa mraba na kiini chake kina sifuri peke yake. Kazi za kila siku hazitupi bahati hiyo. Mara milinganyo ni mingi kuliko visivyojulikana na inapingana kidogo. Mara majibu ni mengi na lazima uchague moja.

Erik Ivar Fredholm wa Sweden aliligusa wazo la kinyume cha namna hii mwaka 1903 katika milinganyo ya integrali. E. H. Moore wa Marekani alilileta kwenye matriksi mwaka 1920. Arne Bjerhammar, mtaalamu wa jiodesia wa Sweden, alilitumia mwaka 1951 kwa mahitaji ya upimaji. Mwaka 1955 Roger Penrose wa Uingereza akaonyesha kwamba masharti manne yanatosha kuibainisha matriksi moja tu, X, ambayo leo tunaiandika A†:

1. AXA = A
2. XAX = X
3. AX ni simetriki
4. XA ni simetriki

Sharti la tatu linahakikisha kwamba A†b inaacha mabaki madogo kabisa kwa kigezo cha miraba midogo. Sharti la nne linahakikisha kwamba, kati ya majibu yote yenye mabaki hayo, unapewa lile fupi kuliko mengine. Ukitimiza mawili ya kwanza tu una kinyume cha jumla, lakini bado hujapata kile cha Moore na Penrose.

## Mfano tutakaoutembelea: vimo vya vituo vitatu

Mpima amesimamisha vituo vitatu na kupima tofauti za kimo kwa kuzunguka: kutoka cha 1 hadi cha 2, cha 2 hadi cha 3, kisha cha 3 kurudi cha 1. Milinganyo yake, kwa mita, ni hii:

- h2 − h1 = 2.10
- h3 − h2 = 1.35
- h1 − h3 = −3.39

Matriksi yake ni:

    −1   1   0
     0  −1   1
     1   0  −1

Jumlisha vipimo vitatu: 2.10 + 1.35 − 3.39 = 0.06. Mzunguko ulipaswa kufunga kwenye sifuri, lakini umekosa kwa sentimita 6. Pia ukiongeza mita 100 kwa vimo vyote vitatu, tofauti hazibadiliki. Kwa hiyo kiini cha A kina vekta (1, 1, 1), na ranki ni 2, si 3.

Thamani singula za matriksi hii ni √3, √3 na 0. Kinyume chake cha Moore na Penrose ni rahisi: geuza mistari iwe safu wima, kisha gawanya kwa 3. Majibu yanatoka hivi:

- h1 = −1.83
- h2 = 0.25
- h3 = 1.58

Yakague. Tofauti ni 2.08, 1.33 na −3.41, na jumla yake ni sifuri kamili. Lile kosa la sentimita 6 limegawanywa sawasawa, sentimita 2 kwa kila kipimo. Jumla ya vimo vyenyewe pia ni sifuri, maana hilo ndilo jibu fupi kuliko yote. Hakuna mpima ambaye angelikataa.

## Kwa nini kinyume hiki kinayumba

Sasa tikisa matriksi. Badilisha namba moja tu: ile −1 ya mwisho iwe −0.999. Mtikisiko ni 0.001.

Ranki imepanda hadi 3. Matriksi ina kinyume cha kawaida, na kompyuta itakitumia bila kusita. Ukitatua kwa mkono, mlinganyo wa tatu unakupa 0.001 × h3 = 0.06. Majibu mapya ni:

- h1 = 56.55
- h2 = 58.65
- h3 = 60.00

Kituo cha tatu kimepaa kutoka mita 1.58 hadi mita 60. Punguza mtikisiko uwe 0.000001, ukidhani unaboresha mambo, na h3 inakuwa mita 60,000.

Sababu iko kwenye thamani singula ya tatu. Ilikuwa sifuri, na kinyume cha jumla huziacha sifuri zilivyo. Baada ya mtikisiko imekuwa takriban 0.00033, na kinyume hugawa kwa kila kisicho sifuri: 1 ÷ 0.00033 ni kama 3,000. Lile kosa la kufunga mzunguko, ambalo mwanzo lilitupwa nje kama mabaki, sasa limezidishwa mara elfu tatu na kumiminwa ndani ya jibu.

Linganisha na mtikisiko mwingine. Zidisha mstari wote wa tatu kwa 1.001, uwe (1.001, 0, −1.001). Ukipima kwa nomi, mtikisiko huu ni mkubwa zaidi, karibu 0.0014. Lakini vekta (1, 1, 1) bado imo kwenye kiini, na ranki bado ni 2. Majibu yanakuwa −1.829, 0.250 na 1.579. Yamesogea kwa milimita 1 tu.

Kanuni zilizo nyuma ya mifano hii miwili zimethibitishwa. G. W. Stewart na Per-Åke Wedin walizifanyia kazi kubwa miaka ya 1960 na 1970:

- Mtikisiko mdogo haupunguzi ranki. Kama ‖A†‖ × ‖E‖ < 1, ranki itabaki au itapanda, haiwezi kushuka.
- Ranki ikibaki, kinyume kinadhibitika. Chini ya sharti hilohilo, ‖(A+E)†‖ haizidi ‖A†‖ ÷ (1 − ‖A†‖‖E‖). Tofauti kati ya vinyume viwili haizidi 1.618 × ‖A†‖ × ‖(A+E)†‖ × ‖E‖. Namba 1.618 ni (1 + √5)/2.
- Ranki ikibadilika, kinyume kinaruka. Tofauti kati ya vinyume viwili haipungui 1 ÷ ‖E‖.

Soma tena kanuni ya mwisho. Kigawanyo ni ukubwa wa kosa lenyewe. Ndiyo maana kosa dogo zaidi lilituletea kimo kirefu zaidi.

## Hatua saba za kupata jibu lisiloyumba

Hatua ya 1: Sawazisha vizio.
Matriksi yenye safu moja katika mita na nyingine katika milimita ina thamani singula zisizo na maana yoyote. Gawanya kila mstari kwa kosa la kawaida la kipimo chake, na kila safu wima kwa ukubwa unaoutarajia wa kisichojulikana chake. Fanya hivi kabla ya jambo jingine lolote, kwa sababu hatua zote zinazofuata zinalinganisha ukubwa.

Hatua ya 2: Kadiria ukubwa wa mtikisiko.
Unahitaji namba moja, tuiite e, isiyopitwa na ‖E‖. Kwa matriksi yenye mistari m na safu wima n:

- Kama unajua kila namba haikosewi zaidi ya d, tumia e = d × √(mn).
- Kama makosa ni ya bahati nasibu, hayategemeani, na mkengeuko wake wa kawaida ni s, kadirio zuri ni e = s × (√m + √n).

Kwa matriksi ya 100 kwa 20 yenye s = 0.01, kanuni ya pili inakupa e ya takriban 0.145. Namba ambazo ni kamili kwa maumbile ya kazi, kama zile 1 na −1 za mtandao wa vimo, usizihesabie kosa lolote. Zilinde zibaki hivyohivyo.

Hatua ya 3: Kokotoa thamani singula zote na uziandike.
Usirukie kinyume. Chapisha orodha nzima na uitazame kwa macho yako. Kwa matriksi yetu iliyotikiswa utaona 1.732, 1.732 na 0.00033, takribani. Mwanya kati ya ya pili na ya tatu ndiyo habari muhimu kuliko zote kwenye ukurasa.

Hatua ya 4: Amua ranki kwa kulinganisha na e.
Mtikisiko hausogezi thamani singula yoyote zaidi ya ‖E‖. Kwa hiyo:

- σ isiyozidi e haiwezi kutofautishwa na sifuri. Ihesabu kuwa sifuri.
- σ inayozidi e mara kumi au zaidi ni ya kuaminika. Ihifadhi.
- σ iliyo katikati ni ya mashaka. Usiamue kimya kimya; nenda Hatua ya 5 kwanza.

Hatua ya 5: Uliza maumbile ya kazi yanasemaje.
Ranki mara nyingi inajulikana kabla ya kukokotoa. Mtandao wa tofauti za kimo ulioungana wote, wenye vituo n, una ranki n − 1, kwa kuwa hakuna kipimo kinachosema mwanzo wa vimo uko wapi. Matriksi inayounganisha mizigo na miendo ya muundo usiofungwa chini ina kiini kinachotokana na muundo wote kusogea au kuzunguka pamoja. Kama hesabu yako na maumbile ya kazi vinatofautiana, kuna kosa kwenye matriksi. Litafute kabla ya kuendelea.

Hatua ya 6: Chagua kinga.
Ziko tatu.

*(a) Ongeza taarifa.* Hii ndiyo bora kila inapowezekana. Katika mfano wetu, funga kituo cha 1 kwenye alama ya kimo na uongeze mlinganyo h1 = 0. Sasa kiini kina sifuri peke yake, na thamani singula ndogo kabisa inapanda hadi 0.518. Mtikisiko wowote wenye nomi chini ya hapo hauwezi kubadilisha ranki. Rudisha ile −0.999: h3 inatoka 3.410 hadi 3.412. Kosa lililokirusha kituo hadi mita 60 sasa linakisogeza milimita 2.

*(b) Kata.* Futa thamani singula zote zisizofika kizingiti, kisha ugawe kwa zilizobaki. Kwa kizingiti cha 0.003 kwenye matriksi iliyotikiswa, ile 0.00033 inaondoka, ranki inarudi 2, na vimo vinarudi jirani na −1.83, 0.25 na 1.58. Kwa kanuni ya Wedin, msogeo hauzidi milimita 4.

*(c) Lainisha.* Njia hii inahusishwa na Andrey Tikhonov wa Urusi, aliyeichapisha mwaka 1963. Badala ya kugawa kwa σ, unazidisha kwa σ ÷ (σ² + α), ambapo α ni namba chanya uliyoichagua. Kinyume kinachopatikana hakiwezi kuzidi 1 ÷ (2√α), liwalo na liwe kwa ranki. Gharama yake ni kwamba jibu linavutwa kidogo kuelekea sifuri: kwa α = 0.01, vimo vyetu vinapungua kwa karibu sehemu 3 za elfu, yaani kama milimita 5 kwenye kituo cha 3. Itumie pale thamani singula zinaposhuka polepole bila mwanya wa wazi.

Hatua ya 7: Jaribu, kisha uandike.
Tikisa matriksi kwa namba za bahati nasibu zenye ukubwa e, ukokotoe upya kwa ranki ileile uliyoichagua, na uone majibu yanasogea kiasi gani. Rudia mara nyingi za kutosha kuona upana wa msogeo. Katika ripoti andika mambo manne: e, ranki, kizingiti au α, na uwiano e ÷ σ ya mwisho uliyoihifadhi. Uwiano huo ukikaribia 1, jibu halina dhamana. Ukiwa chini ya 0.1, una nafasi ya kupumua.

> TAHADHARI: KIZINGITI CHA PROGRAMU SI KIZINGITI CHAKO
> Amri ya `pinv` katika MATLAB na NumPy ina kizingiti chake cha awali, na kizingiti hicho kimepangwa kulingana na usahihi wa kompyuta, karibu na 10⁻¹⁵. Programu haiwezi kujua kwamba vipimo vyako vina kosa la 0.001. Ukiiacha ilivyo, ile 0.00033 itahifadhiwa na utapata mita 60.
> Angalia pia namna ya kuweka kizingiti. Katika MATLAB unaandika ukubwa halisi wa σ. Katika NumPy unaandika uwiano wake kwa σ kubwa kabisa: kizingiti cha 0.003 kwa σ kubwa ya 1.732 kinaandikwa takriban 0.0017.

## Ukiingia nafasi ya Hilbert

Picha za uchunguzi, mawimbi ya tetemeko na milinganyo ya integrali hutupeleka kwenye opereta T zinazofanya kazi juu ya vekta zenye vijenzi visivyo na mwisho. Hapo ranki huenda isihesabike. Weka maswali matatu mahali pake, kwa mpangilio huu.

Swali la 1: Je, taswira ya T imefungwa?
Maana yake: matokeo ya T yakikaribia kikomo fulani, kikomo hicho nacho kiwe ni tokeo la T. Kinyume T† kina mipaka pale tu taswira inapofungwa. Kigezo cha vitendo ni kama thamani singula zisizo sifuri zina sakafu isiyo sifuri. Sakafu hiyo ni 1 ÷ ‖T†‖.

Opereta nyingi za kazini hazina sakafu. Chukua opereta ya Volterra, inayojumlisha thamani za fumbuli (fanksheni) kuanzia 0 hadi t, kwenye kipande cha 0 hadi 1. Thamani zake singula ni 2 ÷ ((2k − 1)π): ya kwanza 0.637, ya kumi 0.034, ya mia 0.0032, na zinaendelea kushuka bila kukoma. Kinyume chake ni kutafuta mteremko wa mchoro. Kelele ya 0.001 × sin(1000t), ambayo huwezi kuiona kwenye mchoro, ina mteremko wa cos(1000t), wenye ukubwa wa 1. Kelele imekua mara elfu.

Ukipata jibu la hapana, acha kutafuta uthabiti wa T†, maana haupo. Lainisha kwa Tikhonov au kata, na uchague α kulingana na kelele ya data.

Swali la 2: Je, kiini kina sifuri peke yake, au taswira imejaza nafasi yote?
Kama taswira imefungwa na moja ya haya mawili ni kweli, uko salama: kila mtikisiko δT wenye ‖T†‖ × ‖δT‖ < 1 unaiacha T + δT na sifa ileile. Ndiyo sababu kuongeza taarifa, kama tulivyofunga kituo cha 1, kunatangulia kinga nyingine zote.

Swali la 3: Kama yote mawili si kweli, je, mtikisiko ni thabiti?
Sharti ni kwamba taswira ya T + δT na kiini cha T† vikutane kwenye sifuri tu. Sharti hili linashika nafasi ya ranki. Likitimia pamoja na ‖T†‖ × ‖δT‖ < 1:

- taswira ya T + δT inabaki imefungwa;
- T†(I + δT T†)⁻¹ ni kinyume cha jumla cha T + δT;
- ‖(T + δT)†‖ haizidi ‖T†‖ ÷ (1 − ‖T†‖‖δT‖), kama kwenye matriksi.

Kama kiini cha T kina vipimo vyenye mwisho, ukaguzi ni mwepesi zaidi: hesabu vipimo vya kiini kabla na baada. Vikilingana, mtikisiko ni thabiti. Vikipungua, si thabiti.

Ukirudi kwenye vituo vitatu utaliona sharti hili kwa macho. Kiini cha A† ni mstari wa (1, 1, 1). Taswira ya matriksi yenye −0.999 ni nafasi yote ya vipimo vitatu, kwa hiyo inaumeza mstari huo mzima. Taswira ya matriksi yenye mstari uliozidishwa kwa 1.001 haina vekta (1, 1, 1) ndani yake. Jibu la kwanza liliruka, la pili likatulia.

> TAHADHARI: KATIKA VIPIMO VISIVYO NA MWISHO, UHARIBIFU UNA NAMNA YA ZIADA
> Chukua opereta inayohifadhi vijenzi vya nafasi witiri vya mfuatano na kuvifuta vya nafasi shufwa. Taswira yake imefungwa na ‖T†‖ = 1. Sasa, badala ya kukifuta kijenzi cha nafasi ya 2k, kizidishe kwa ε ÷ k. Mtikisiko una nomi ε, udogo uutakao. Lakini thamani singula mpya ε, ε/2, ε/3 na kuendelea hazina sakafu. Taswira haijafungwa tena, na kinyume kimepoteza mipaka kabisa. Kukata kwa kizingiti kilicho kati ya ε na 1 kunairudisha T ya mwanzo.

## Makosa yanayojirudia

1. Kuamini mabaki madogo. Jibu la mita 60 lina mabaki sifuri kamili, huku jibu sahihi likiwa na mabaki ya sentimita 2 kwa kila kipimo. Mabaki yakitoweka ghafla kwenye vipimo ambavyo unajua vina makosa, shtuka.
2. Kupitia AᵀA. Njia hii inazipandisha thamani singula kwenye kipeo cha pili: 0.00033 inakuwa takriban 0.0000001. Kizingiti ulichokipanga kwa A hakifai tena, na karibu nusu ya tarakimu za kompyuta zinaweza kupotea. Fanya kazi na A yenyewe.
3. Kutengeneza gridi laini zaidi ili kuongeza usahihi. Kwa opereta kama ya Volterra, gridi laini inaleta thamani singula ndogo zaidi na kinyume kinazidi kuyumba. Tumia gridi laini pamoja na kinga, kamwe si badala yake.
4. Kudhani T†(I + δT T†)⁻¹ ni kinyume cha Moore na Penrose. Hutimiza masharti mawili ya kwanza. La tatu na la nne huenda yakavunjika. Kama unahitaji jibu fupi kuliko yote, likokotoe upya.
5. Kubadilisha ranki kati ya jaribio na jaribio. Mtikisiko wa bahati nasibu karibu kila mara unaipandisha ranki ya matriksi iliyopungukiwa. Bana ranki iliyochaguliwa kwenye majaribio yote, la sivyo unalinganisha kazi mbili tofauti.
6. Kuchagua kizingiti kwa kutazama jibu linalopendeza. Kizingiti kinatoka kwenye kosa la vipimo. Kikitoka kwenye matamanio, umeandika jibu wewe mwenyewe.

## Orodha ya ukaguzi kabla ya kutoa jibu

- [ ] Vizio vimesawazishwa kwa mistari na kwa safu wima.
- [ ] Namba e imekadiriwa, na njia iliyotumika imeandikwa.
- [ ] Namba zilizo kamili kwa maumbile ya kazi hazijaguswa.
- [ ] Thamani singula zote zimechapishwa na mwanya umetafutwa.
- [ ] Ranki iliyochaguliwa inakubaliana na maumbile ya kazi.
- [ ] Imeulizwa kwanza kama taarifa inaweza kuongezwa, kabla ya kukata au kulainisha.
- [ ] Kizingiti cha programu kimewekwa kwa mkono, kwa kipimo ambacho programu hiyo inakielewa.
- [ ] Kwa opereta: taswira, kiini na sharti la kukutana kwenye sifuri vimekaguliwa.
- [ ] Jaribio la kutikisa limefanywa kwa ranki ileile.
- [ ] Ripoti ina e, ranki, kizingiti au α, na uwiano e ÷ σ ya mwisho.

Ukikosa muda wa yote, fanya matatu: kadiria e, tazama orodha ya thamani singula, weka kizingiti mwenyewe. Kwa matriksi ndogo ni kazi ya dakika chache. Atakayetumia vimo vyako kumwaga msingi hatakuwa na njia ya kujua kama uliyafanya, na kwa sababu hiyohiyo huna budi kuyafanya.